Leseni na Mwendo: Hoja juu ya Biashara Ndogo katika Ufuko wa Itungi

Wenyeji wa Kyela wanalijua jambo ambalo ramani nyingi hazijalikiri, nalo ni kwamba bandari ya Itungi ilikwisha hama. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, iteremkayo milimani ikiwa imebeba tope la mashamba ya watu, ilikijaza udongo kichwa cha kaskazini cha Ziwa Nyasa mwaka baada ya mwaka, hata kina cha maji pale Itungi kikawa hakitoshi kubeba meli, na vyombo vya dola vikalazimika kwenda kutia nanga Kiwira, huku jina la zamani likiendelea kutajwa midomoni mwa abiria kana kwamba hapakutokea kitu. Hakuna aliyeishutumu bandari kwa kuhama. Serikali, maadam iliona maji yamekwenda, iliyafuata.

Nimelitanguliza jambo hili kwa kuwa nakusudia kuuliza kwa nini insafu ambayo dola iliifanyia nafsi yake imekuwa nzito kuifanyia raia wake wadogo. Leseni ya biashara, kama tulivyoirithi, ni hati ya mahali. Humtambua mtu kwa ukuta aliouegemea na kwa kibao alichokitundika mlangoni. Na yule ambaye riziki yake imo katika mwendo, hata awe mwaminifu kiasi gani, husimama mbele yake akiwa amekwisha kukosa kabla hajafungua kinywa.

Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya mwaka 1972, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo msingi wa mambo haya Tanzania Bara hadi leo, inamkataza mtu kufanya biashara bila leseni halali, inamtaka aiweke leseni hiyo mahali pa kuonekana, na kwa mwenye kuuza katika maeneo mbalimbali inadai leseni mbalimbali. Leseni za kundi A hutolewa na serikali kuu kwa mkono wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Za kundi B, ambazo ndizo zimgusazo mwenye duka na mwenye mgahawa, hutolewa na halmashauri. Na hapa historia imetufanyia mzaha. Mwaka uleule wa 1972 ndio serikali ilioanza kuzivunja halmashauri zenyewe kwa siasa ya Madaraka Mikoani, na zile za wilaya zisirudi ila baada ya sheria za mwaka 1982; hivyo sheria iliyotungwa wakati wilaya ilipokuwa kidole tu cha mkono mmoja ikaja kutumiwa na wilaya zenye mifuko yake, mipaka yake, na wivu wake.

Mipaka hiyo haionekani majini. Meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi Januari 2021 ikiwa na nafasi ya abiria 200 na mizigo tani 200, ikiondoka upande wa Kyela kuelekea kusini hupita Lupingu na Manda, ambazo ni za wilaya ya Ludewa mkoani Njombe, kisha Liuli na Mbamba Bay, ambazo ni za wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma. Na tumfikirie mama aliyepanda na magunia manne ya mchele, akiuza debe hapa na debe pale kila meli ituapo, na kwa fedha atakazopata akinunua usipa mkavu, dagaa wa ziwa hili, wa kurudi nao nyumbani. Kwa safari moja amekwisha kufanya biashara katika mikoa mitatu na halmashauri tatu. Akiifuata sheria herufi kwa herufi, atahitaji leseni kila anapotua, pamoja na namba ya mlipa kodi, na tena awe tayari kuulizwa habari ya usipa wake chini ya Sheria ya Uvuvi, Na. 22 ya 2003, ilhali magunia manne ya mchele hayana faida ya kuzaa hata leseni ya pili, seuze ya tatu. Basi hatafuti hata moja. Kutoka hapo afisa biashara humwita mkwepaji, naye humwita afisa mnyang'anyi, na wote wawili, kwa kadiri ya wanachokiona, wana haki.

Hata hivyo, mfano unaonishughulisha zaidi ni wa wafinyanzi wa Kikisi. Wanawake hawa hukaa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, mahali ambapo mlima umeshuka hata ukakanyaga maji na kuacha ufuko mwembamba tu wa kujengea nyumba. Vyungu vyao, vinavyosifiwa kwa wepesi na kwa ustahimilivu wa moto, hupakiwa katika mitumbwi na kuletwa Lyulilo, jirani na Matema, ambako siku ya Jumamosi huwa gulio. Na kutoka hapo huchukuliwa na wachuuzi hata Kyela, Tukuyu na Mbeya. Sasa biashara ya mfinyanzi huyu iko wapi? Ukisema iko Ikombe, umetaja mahali ambapo hakuna mnunuzi, kwani kila jirani naye ni mfinyanzi. Ukisema iko Lyulilo, umemtoza mwaka mzima kwa mchanga anaoukalia siku moja katika saba, nayo ni siku ambayo upepo wa mwera ukivuma haji kabisa. Udongo, moto, mtumbwi na gulio ni viungo vya mwili mmoja, na sheria yetu haina jicho la kuuona mwili huo. Huona kiungo kimoja kimoja na kukiuliza jina.

Nitajibiwa kwamba hakuna anayewasumbua wanawake wale, kwamba maafisa wenye busara huwapita kimya, na kwa hiyo nalilia jeraha lisilouma. Jibu hili ndilo linalonitia wasiwasi. Anachopewa mfinyanzi ni fadhila, na fadhila huhamishwa pamoja na afisa aliyeitoa. Kadhalika, mtu aliyesamehewa hana hati yoyote ya kumwonyesha mkopeshaji, wala ya kumnyamazisha mgambo mgeni atakayekuja mwakani akiwa na shauku ya kutimiza makadirio ya makusanyo.

Ila nisieleweke kuwa nautetea uholela. Zipo kanuni ambazo sitaki zilegezwe hata kwa mtu aliye maskini kuliko wote, kwa kuwa zinalinda roho ya mwingine: idadi ya watu katika chombo, usafi wa chakula kinachouzwa kimepikwa, uzito wa mawe ya mizani ambayo Wakala wa Vipimo huyakagua na kuyatia muhuri. Taifa lililozika watu wake wa MV Bukoba, iliyozama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, halihitaji kuelezwa bei ya chombo kilichopakiwa kupita kiasi. Lakini kanuni hizi nazo, ukizitazama vizuri, hazifungamani na mahali. Mizani mibovu ni mibovu Kyela na Liuli. Ni kosa la fikra kuzifunga katika fungu moja na leseni, maana mchuuzi anayekimbia leseni kwa sababu ya gharama humkimbia pia mkaguzi wa mizani, asijue nani amekuja kumtoza na nani amekuja kumlinda mnunuzi wake.

Kwamba watawala wetu wameligundua tatizo si jambo la kubishania. Dawa zao ndizo zilizotofautiana. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilitaka kuufuta uchuuzi wa mtu binafsi vijijini na kuweka maduka ya ushirika mahali pake, na haikudumu. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilimtazama mchuuzi kama mtu asiye na kazi anayepaswa kupewa moja. Mwaka 2004 ada za leseni ziliondolewa kwa wafanyabiashara wadogo, baadaye zikarudishwa. Kisha, Desemba 2018, Rais Magufuli akawakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kimoja kwa shilingi 20,000, kwa mtu ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4. Watu wengi wa elimu walivicheka. Mimi naona kwamba, pamoja na taksiri zake, kitambulisho kile kilibeba dhana bora kuliko yote niliyoyataja: kilimfuata mtu, na mtu akakipeleka atakako. Taksiri yake ni kwamba kiligawiwa kwa hesabu, kila mkoa na mzigo wake wa kuuza, hata kikageuka kuwa kodi nyingine yenye picha.

Tena kuna nuru nyingine ambayo sioni ikitajwa katika mijadala yetu. Mwaka 2017, pamoja na kuupunguza ushuru wa mazao, serikali iliagiza kwamba mazao yasiyozidi tani moja yasitozwe ushuru huo yanapotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia manne ya mama wetu, hata yakiwa ya kilo 100 kila moja, hayafiki nusu ya kipimo hicho. Matokeo yake ni ajabu kidogo: mchele una ruhusa ya kusafiri ambayo mwenye mchele hana.

Ninachopendekeza, basi, ni kwamba Bunge limpe mfanyabiashara wa chini ya kiwango fulani cha mauzo hati moja, itolewe na halmashauri ya nyumbani kwake, itambuliwe na kila halmashauri atakayofika. Na mahali, ikiwa lazima palipiwe, palipiwe kwa siku, kwa ushuru wa gulio ambao watu wameuzoea na hawaunung'unikii sana. Waweka hazina wa wilaya watalalamika, na malalamiko yao si ya bure, kwa kuwa wilaya ya ufukweni haina viwanda vya kuitegemea. Lakini hesabu yao huorodhesha leseni ambazo hazikatwi na kuziita mapato yaliyopotea, ilhali mali isiyopata kuwapo haipotei. Kasumulu, mpakani na Malawi, ni sura nyingine na nzito zaidi: utaratibu mwepesi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 hauvuki pale, Malawi si mwanachama, nayo Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja ambalo Malawi imo, tangu mwaka 2000. Hilo halitatengenezwa Kyela. Hili la ndani ya ziwa letu wenyewe laweza.

Wala ushahidi hautakosekana kwa anayeutaka. Mzigo unapopakiwa melini karani huuandika: jina la mwenyewe, aina ya bidhaa, uzito, mahali ulipopakiwa na mahali utakaposhushwa. Yote ambayo afisa biashara angependa kuyajua juu ya mama yule yamo humo, kwa mwandiko wa mtumishi wa umma, na karatasi yenyewe hufika Mbamba Bay siku ileile afikapo yeye. Naye huteremka nayo mkononi, akajitwika gunia lake, akapita pembeni ya ofisi.