Jaha na Milango Yake: Ruiri na Nchi ya Meru

Mtu atokaye mjini Meru kuelekea Isiolo kwa njia ya Ruiri huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake: kahawa na migomba ya miteremko ya Kirimara, ndio Mlima Kenya, hupungua kidogo kidogo, yakafuata mahindi na maharagwe yangojayo mvua isiyo na ahadi, hata mwisho ikatokea nyika ya wafugaji. Swali la kufanikiwa ni nini, na kama kila mtu aweza kufanikiwa, lina mahali pake hapa, maana jibu lake limegeuka mara kadha wa kadha katika umri wa babu mmoja na wajukuu wake.

Zamani jaha ya Mmeru ilikuwa ni daraja, wala haikuwa mali peke yake. Kijana akiisha kutahiriwa aliingia gaaru, nyumba ya vijana wa vita, pamoja na hirimu yake. Na miaka ilipopita hirimu nzima ilipanda, wakaoa, wakawa na miji, kisha wakawa wazee, na amri ya nchi ikapokezanwa baina ya Kiruka na Ntiba, zile nusu mbili za vizazi. Mwenye mbuzi watatu na mwenye zizi lililojaa walipanda pamoja, wala sioni mpango mwingine uliogawanya heshima kwa usawa kuliko huo, maadamu umri hauuzwi. Walakini juu kabisa palikuwa na mlango. Njuri Ncheke, baraza kuu ambalo makao yake ni Nchiru, halikumpokea kila mzee: mtu aliteuliwa na waliomo, mwenendo wake ukachunguzwa, akatoa ada, akala kiapo cha kutunza siri.

Wanawake hawakupanda ngazi hiyo. Walikuwa na baraza lao na daraja zao, na mlango wa kwanza ulikuwa tohara. Mwaka 1956, Njuri Ncheke ilipoipiga marufuku tohara ya wasichana, nayo serikali ya kikoloni ikiwa nyuma yake, wasichana wengi walitahiriana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Kisu kile sikisifu hata kidogo. Lakini ni dhahiri kwamba maumivu na faini havikuwatisha kama walivyotishwa na kuhesabiwa watoto maisha yao yote.

Utawala wa Kiingereza, uliofika mwaka 1908 pamoja na E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, ulileta jaha ya namna nyingine, itokayo kwa hati na mshahara: ya chifu, ya karani, ya mwalimu wa misheni. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya katika miaka ya 1930, alijaribu kuipa Njuri nafasi yake katika utawala. Lakini kilichowageuza watu hasa ni kahawa.

Walowezi walikuwa wamelihodhi zao hilo, wakidai kwamba Mwafrika ataeneza magonjwa ya mibuni na kuiharibu sifa ya kahawa sokoni, ilhali walichelea pia kukosa vibarua. Mnamo 1933 na 1934 ruhusa ya majaribio ilitolewa kwa Meru, Embu na Kisii, wilaya zilizo mbali na mashamba yao; na hata hivyo ilikuwa kwa kibali, na kwa muda mrefu mkulima hakuruhusiwa kupita miti 100. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mpango wa serikali wa kilimo cha Waafrika, ndio uliolegeza masharti, ukaja na upimaji wa ardhi na hatimiliki. Serikali ilipoacha kuchagua nani apande, mlima ukachagua: mibuni hutaka mvua na kimo, na mwenye urithi katika nchi kavu upande wa chini hakuwa na la kufanya. Na penye kahawa, mwanamke ndiye aliyechuma buni nyekundu moja moja, akatenga mbichi, akabeba gunia mgongoni kwa ukanda upitao kipajini hadi kiwandani, akapanga foleni mizanini. Stakabadhi ikaandikwa jina la mwanachama wa ushirika, ambaye aghalabu alikuwa mumewe, mwenye hati ya shamba. Jalidi ilipoiunguza mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975, na bei ikapanda mno miaka miwili iliyofuata, walioezeka mabati na kulipa karo za wana wao kwa fedha hizo ni wale wenye miti. Asiye na miti alipata ujira wa madebe aliyowachumia wenziwe.