Kuganda kwa kompyuta wakati wa kunakili faili kwenye flashi

Kuganda wakati wa kunakili ni hali ambapo kazi ya kuhamisha faili kutoka kompyuta kwenda kwenye flashi au diski ya nje ya USB inasimama kabla ya kwisha, au inaonekana kusimama. Mara nyingi mstari wa maendeleo hukimbia hadi karibu na asilimia 100, kisha hukaa hapo kwa dakika kadhaa. Wakati mwingine hata programu zisizohusika huacha kuitika. Kwa kawaida hakuna kilichoharibika bado. Faili hupotea pale mtumiaji anapochomoa flashi akidhani kazi imekwama.

== Sababu ==

Kompyuta kwa kawaida haiandiki faili moja kwa moja kwenye flashi. Mfumo wa uendeshaji huiweka data kwanza katika RAM, huiarifu programu kwamba imepokelewa, kisha huipeleka kwenye kifaa taratibu. Mstari wa maendeleo kwa hiyo huweza kupima kasi ya RAM, si ya flashi.

Katika Linux, kwa mpangilio wa kawaida, data inayosubiri huanza kupelekwa inapofikia asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana. Ikikaribia asilimia 20, programu zinazoandika hucheleweshwa. Kumbukumbu hiyo ikiwa GB 8, asilimia 20 ni GB 1.6. Flashi ya bei nafuu inayoandika MB 5 kwa sekunde itahitaji zaidi ya dakika 5 kuumaliza mzigo huo, na programu nyingine inayotaka kuhifadhi waraka mdogo tu inaweza kujikuta kwenye foleni hiyohiyo. Mwaka 2013 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alieleza kwamba viwango hivyo vya asilimia vilifaa zama ambapo kompyuta zilikuwa na RAM ndogo sana. Toleo la 4.10, la Februari 2017, liliongeza utaratibu ulioandikwa na Jens Axboe wa kuzuia uandishi wa nyuma ya pazia usizibe njia ya kazi nyingine.

Flashi yenyewe nayo ina tabia yake. Haiwezi kuandika juu ya data ya zamani bila kwanza kufuta sehemu nzima iliyo kubwa kuliko kipande kinachoandikwa. Ndiyo maana folda yenye maelfu ya picha ndogo huchukua muda mrefu kuliko filamu moja yenye ukubwa uleule.

Zipo pia flashi bandia, zilizobadilishwa ili zidai ujazo mkubwa kuliko zilio nao. Hizi hunakili vizuri hadi ujazo halisi unapojaa; baada ya hapo zinaweza kukwama au, vibaya zaidi, kuendelea kana kwamba kila kitu ni sawa huku faili zikipotea. Kikomo cha FAT32, ambayo haipokei faili moja ya GB 4 au zaidi, ni jambo tofauti: hicho huleta ujumbe wa kosa, si kuganda.

== Kutambua na kutatua ==

Swali la kwanza ni kama data bado inasogea. Katika Linux, faili ya /proc/meminfo ina mistari ya Dirty na Writeback. Namba zake zikipungua, flashi inafanya kazi na dawa ni kungoja. Zisipopungua, na kumbukumbu za mfumo zikionyesha kifaa kikianzishwa upya mara kwa mara, tatizo huenda liko kwenye waya, tundu la USB au flashi yenyewe. Programu iliyokwama ikisubiri kifaa huweza kukataa kufa hata kwa amri ya kuiua kwa nguvu, hadi kifaa kijibu au kichomolewe.

Amri ya sync hungoja hadi data yote iandikwe. Anayesumbuliwa mara kwa mara anaweza kupunguza kikomo kwa kuweka vm.dirty_bytes na vm.dirty_background_bytes katika megabaiti chache badala ya asilimia. Windows 10, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, hutumia kwa kawaida mpangilio wa kuondoa haraka, ambao hauweki data ya flashi katika RAM kwa namna hiyo; kasi hupungua kidogo, lakini mstari wa maendeleo husema ukweli zaidi. Faili ndogo nyingi ni bora zifungashwe kuwa moja kabla ya kunakiliwa.

Flashi inayoganda katika kompyuta zaidi ya moja isifomatiwe kabla ya kuokoa kilichomo.