Mapenzi, Wajibu na Utengano: Dhana ya Viraha katika Historia ya Ibada ya Wahindu

Utangulizi

Mfasiri wa Kiswahili anayekabiliwa na neno la Kisanskriti viraha hukosa neno moja la kulitosheleza. "Faraka" hudokeza ugomvi. "Utengano" hutaja hali bila kutaja maumivu. "Shauku" hutaja hamu bila kutaja chanzo chake. Viraha, neno lenye mzizi rah, yaani 'kuacha', hujumuisha yote: kuachwa, uchungu wa kuachwa na hamu ya kumwona tena aliyeondoka. Mhadhara huu unafuatilia dhana hiyo katika bhakti, mkondo wa ibada ya Kihindu uliojengwa juu ya mapenzi kwa Mungu. Hoja ya msingi ni kwamba katika mkondo huo utengano ulihesabiwa kuwa kilele cha mapenzi, wala si mwisho wake. Hata hivyo, suala la dharma, yaani wajibu, na hasa gharama yake kwa wanawake, liliendelea kuwasumbua watunzi na wanatheolojia kwa karne nyingi.

Chimbuko la Kitamili

Ushairi wa Kitamili wa karne za mwanzo BK uliyagawa mapenzi kwa mujibu wa mandhari tano. Milima iliashiria kukutana; misitu na malisho, kungoja kwa subira; mashamba ya mpunga, kununa kwa mke aliyesalitiwa; pwani, wasiwasi wa anayengoja; na nyika kame, safari ngumu ya wapendanao waliotengana. Ni dhahiri kwamba katika mgawanyo huo kukutana kulipewa sehemu moja tu.

Urithi huo uliwafikia Alvar, washairi 12 waliomsifu mungu Vishnu baina ya karne ya 6 na ya 9. Nammalvar, ingawa mwanamume, alitunga tungo nyingi kwa sauti ya msichana aliyeachwa na mpenzi wake Mungu. Andal, mwanamke pekee miongoni mwao, hakuhitaji kuazima sauti hiyo. Friedhelm Hardy, katika utafiti wake wa mwaka 1983, alionyesha jinsi hisia hizo za Kitamili zilivyoingia katika Kisanskriti kupitia Bhagavata Purana, kitabu ambacho wataalamu wengi hukihusisha na Kusini mwa India, takriban karne ya 9 au ya 10.

Filimbi na wajibu

Katika kitabu cha 10 cha Bhagavata Purana, wanawake wa jamii ya wafugaji husikia filimbi ya Krishna usiku. Huacha ng'ombe wanaokamuliwa, maziwa yaliyo motoni, waume na watoto, wakaenda. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Krishna mwenyewe huwakumbusha wajibu wao na kuwaambia warudi nyumbani. Wao hukataa, wakidai kwamba kumtumikia yeye ndiyo shabaha ya kila wajibu. Baadaye Krishna huenda Mathura kumkabili mfalme dhalimu Kamsa, wala harudi kuishi nao. Humtuma Uddhava, rafiki yake msomi, kuwafundisha kwamba yeye hayuko mbali nao kamwe, na kwamba amejitenga ili nia zao zimwelekee zaidi. Uddhava, aliyekwenda kama mwalimu, huishia kuwa mwanafunzi: hutamani kuwa mmea tu katika Vrindavan ili aguswe na vumbi la miguu yao.

Katika karne ya 16, Rupa Goswami aliainisha utengano katika aina nne: ule unaotangulia kukutana, ule wa kununiana, ule wa mpenzi kusafiri, na ule unaomshika mtu angali ubavuni mwa mpenzi wake, kwa kuhofia kumpoteza. Aina hii ya mwisho yathibitisha kwamba viraha haikupimwa kwa umbali.

Mgogoro uliobaki

Hata hivyo, je, wanawake hao hawakuwa wake za watu? Katika Bhagavata Purana yenyewe mfalme Parikshit huuliza swali hilo, naye hujibiwa kwamba matendo ya wenye uwezo wa kimungu si ya kuigwa. Jiva Goswami, mpwa wa Rupa, alishikilia kwamba kwa hakika ya milele walikuwa wake wa Krishna mwenyewe. Vishvanatha Chakravarti, aliyeandika baadaye, alitetea ubora wa mapenzi yanayohatarisha heshima.

Masimulizi ya Rama yanalikabili tatizo kutoka upande wa pili. Katika kitabu cha 7 cha Ramayana ya Valmiki, Rama, kwa wajibu wa mfalme mbele ya raia wanaonong'ona, humfukuza Sita akiwa mjamzito, ilhali hana shaka naye. Tulsidas, alipoanza kutunga Ramcharitmanas mwaka 1574, hakulisimulia tukio hilo. Unyamavu huo ni ushahidi wa kihistoria wa kutoridhika.

Gharama hiyo haikuishia vitabuni. Mwaka 1510 Chaitanya alijitoa katika maisha ya ndoa na kuwa mtawa, akiwaacha Navadvip mama yake Shachi na mke wake kijana Vishnupriya. Kwa matakwa ya mama, alikaa Puri ili habari zake ziweze kufika nyumbani. Wafuasi wake waliiona shauku yake kwa Krishna kuwa ni ile ya Radha, mpenzi mkuu wa Krishna. Kuhusu Vishnupriya, mapokeo husimulia kwamba aliweka kando punje moja ya mchele kwa kila awamu ya kulitaja jina la Mungu, akapika zile tu zilizopatikana. Mume aliimba utengano mbele ya umati. Mke aliuishi jikoni.

Hitimisho

Neno bhakti latokana na mzizi bhaj, 'kugawana, kushiriki'. Historia iliyofuatiliwa hapa yaonyesha kwamba fungu la wanaobaki nyuma halikuwa sawa na la wanaoondoka, na kwamba mapokeo yenyewe yalilitambua hilo. Kiswahili kina neno "ukiwa", lililo karibu zaidi na viraha kuliko mengine; lakini penye ukiwa hapana mtu, ilhali penye viraha asiyekuwapo ndiye aliyepajaza. Kwa sababu hiyo, mfasiri atafanya vyema kulihifadhi neno lenyewe na kulieleza.