Vijiumbe vya udongo katika bustani za Kibera na Kawangware

Bustani za magunia zilienea Kibera baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipogawa miche kwa wakazi. Udongo wa magunia hayo, sawa na ule wa vishamba vya Kawangware, hufanya kazi kupitia bakteria na kuvu, na kazi hizo hutegemea aina zao kuliko wingi wao. Wapo wanaodai kuwa aina zikipotea, zilizobaki huziba pengo. Kwa uozaji wa maganda ya ndizi dai hilo lina ukweli, maana walaji wake ni wengi. Lakini kunasa nitrojeni ya hewa au kugeuza amonia kuwa nitrati ni kazi ya makundi machache, nayo yakitoweka hayana mbadala. Jaribio la Uswisi lililochapishwa 2014 lilionyesha kuwa udongo uliopunguziwa aina za viumbe hudorora katika kazi kadhaa kwa pamoja, zikiwemo uozaji na uhifadhi wa virutubishi.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima mwenyewe anayemwagilia maji taka: maji hayo yana nitrojeni na fosforasi ya bure, na sukuma wiki inastawi. Ni kweli inastawi, ila ni shahidi dhaifu. Jamii yake haina vinundu vya bakteria mizizini, na kwa kawaida haishirikiani na kuvu wa mikoriza, basi haiwezi kuonyesha kilichopotea. Kunde ingeonyesha, maana hunasa nitrojeni kupitia bakteria wa vinundu. Huko Woburn, Uingereza, shamba lilitiwa tope la maji taka kuanzia 1942 hadi 1961. Miongo kadhaa baadaye, kwa sababu ya metali nzito za tope hilo, bakteria wa vinundu wa klova nyeupe walikuwa wamebaki ukoo mmoja tu. Ukoo huo uliunda vinundu, lakini haukunasa nitrojeni. Bakteria walikuwepo, kazi haikuwepo.

Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kampasi yake ya Kabete isiyo mbali na Kawangware, kilitengeneza Biofix, chanjo ya bakteria kwa mbegu za mikunde. Chanjo hiyo husaidia pale bakteria wanaofaa walipopungua, lakini bakteria hao wageni nao hulazimika kuishi katika udongo uleule. Kwa hiyo anayejaza gunia Kibera atafaidika zaidi kwa kuchagua udongo wa mbali na jalala, maji taka na karakana, na kuutia mboji, kuliko kununua chanjo kwanza.