Ufundishaji wa Piano Nyumbani: Maana, Aina na Sehemu Zake

Ufundishaji wa piano nyumbani ni mafunzo ambayo mwalimu mmoja humpa mwanafunzi mmoja kwa malipo ya kila kipindi, mwezi au muhula. Haujumuishi masomo ya taasisi kama Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1944. Uko wa namna mbili: mwalimu humfuata mwanafunzi, au mwanafunzi huenda kwa mwalimu. Tofauti ya namna hizo si nauli tu. Katika namna ya kwanza mwanafunzi hufundishwa kwa ala ileile anayofanyia mazoezi; katika ya pili vidole huzoea ala moja na kupimwa kwa nyingine.

Ala zenyewe ni za aina tatu. Piano ya kulala na piano ya wima hutoa sauti kwa vinyundo vilivyovikwa sufi iliyoshindiliwa, vinavyogonga nyuzi. Mtambo wa vinyundo ulibuniwa na Bartolomeo Cristofori huko Firenze, Italia, mnamo mwaka 1700. Aina ya tatu ni piano ya umeme. Piano kamili ya leo ina vibao 88 vya kupiga, 52 vyeupe na 36 vyeusi. Kinanda cha umeme chenye vibao 61, kinachoonekana katika makanisa mengi, ni ala nyingine: vibao vyake kwa kawaida ni vyepesi, na mkono uliokulia hapo huchoka upesi kwenye piano. Pwani, ambako unyevu huvimbisha mbao na kutia nyuzi kutu, piano ya umeme ina faida ya wazi, kwa kuwa haihitaji kusawazishwa sauti.

Usomaji wa nota ndiyo sehemu inayohitaji ubainifu zaidi. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hutoka kwaya, na wamelelewa kwa nota za sol-fa, mfumo uliokuzwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19 na kuenezwa na wamisionari. Sol-fa huonyesha uhusiano wa kila sauti na do, popote do ilipo. Nota za mistari mitano huonyesha mahali hasa pa sauti, na mpiga piano husoma safu mbili kwa pamoja: aghalabu ufunguo wa sol kwa mkono wa kulia na wa fa kwa mkono wa kushoto. Mwanakwaya basi huanza akiwa na sikio lililokomaa na jicho changa. Mwalimu anayemrudisha mwanzo kabisa, kana kwamba hajui muziki, humpotezea muda.

Kipindi cha mtoto anayeanza kwa kawaida huwa dakika 30, na cha mtu mzima 45 au 60. Sehemu zake ni skeli, mazoezi ya vidole (kitabu cha Charles-Louis Hanon cha mwaka 1873 bado kinatumika), kipande cha muziki, na kusoma nota papo kwa papo. Hii ya mwisho ndiyo hurukwa mara nyingi, bila sababu nzuri.

Mitihani inayojulikana zaidi ni ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889, yenye daraja la 1 hadi la 8. Mtihani wa vitendo una alama 150: vipande vitatu vya alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma papo kwa papo 21, na usikivu 18. Kufaulu ni alama 100, sifa 120, na sifa ya juu 130.

Kwa mpiga kinanda wa parokia mtihani huo si wa lazima. Kazi yake hudai kusoma sauti nne za wimbo kwa pamoja, na kuushusha wimbo pale sauti ya kwanza inaposhindwa kufika juu. Ustadi huo wa pili haumo katika mgawo huo wa alama, hivyo mwanafunzi wa aina hii hupaswa kuuomba kwa mwalimu wake tangu mwanzo.