Kucha za bandia na wakimbizi 20 wa Vietnam

Kucha za akriliki, zile akina mama wanazotengenezewa saluni, zilianza kwa daktari wa meno. Mwaka 1954, Fred Slack wa Marekani alivunjika ukucha akiwa kazini, akaufunika kwa akriliki ya meno.

Ila waliozifikisha mitaani ni wakimbizi.

Saigon ilipoanguka Aprili 1975, Wavietnam wengi walihamia Marekani. Katika kambi ya Hope Village, karibu na Sacramento, mwigizaji wa sinema Tippi Hedren aliwatafutia akina mama kazi ya kujitegemea. Alileta walimu wa kushona na wa kupiga taipu. Wao macho yote yalikuwa kwenye kucha zake! Basi akamwita fundi wake wa kucha, akawa anakuja kuwafundisha.

Wanawake 20 walijifunza na kupata leseni. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa sekondari kwao. Kazi haikudai Kiingereza kingi wala mtaji mkubwa, ni tupa, brashi na mkono usiotetemeka. Wakafundisha ndugu na marafiki, bei ikashuka, hata wanawake wa kipato kidogo wakaweza kulipa. Leo karibu nusu ya mafundi wa kucha Marekani wana asili ya Vietnam, ingawa harufu ya dawa hizo huwasumbua wengi kifuani.