Kiunzi, Fremu na Taruma: Maneno ya Nyumba ya Mbao Kandokando ya Ziwa Viktoria

Mfasiri anayeletewa mchoro wa nyumba ya mbao, ile ambayo uzito wake wote huchukuliwa na nguzo na boriti na wala si kuta, hukwama katika mstari wa kwanza. Umbo zima la miti hiyo aliite nini? Wepesi humshawishi aandike "fremu". Lakini na aende Mwanza, amwambie mtu wa sokoni kwamba anajenga nyumba ya fremu. Ataulizwa kodi ni kiasi gani kwa mwezi. Katika miji yetu fremu ni chumba cha duka cha kupangisha, na kwa seremala ni miti inayozunguka mlango au dirisha. Neno lenye waume wawili tusilitafutie wa tatu.

Kwa maoni yetu istilahi ifaayo ipo, nayo ni ya zamani: kiunzi. Siku hizi tunaunda tume na kamati, hata tukasahau kwamba asili ya kuunda ni kazi ya miti, na hasa kazi ya vyombo vya baharini. Kiunzi ni kile kinachosimamishwa kwanza, kabla ya mbao kuvikwa juu yake. Hiyo ndiyo dhana ya nyumba tunayoizungumzia: ukibomoa kuta zote, nyumba hubaki imesimama.

Huenda msomaji akauliza maneno ya jahazi yana uhusiano gani na Mwanza, iliyo mbali na bahari. Mwaka 1875 Stanley alipofika Kagehyi, kusini mwa ziwa, akiwa na mashua yake iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, alimkuta huko Songoro, mfanyabiashara wa pwani, ambaye alikuwa akiunda jahazi katika kisiwa cha Ukerewe. Mwezi Desemba 1877 Songoro aliuawa kisiwani humo pamoja na wamisionari wawili Waingereza, Smith na O'Neill, katika ugomvi wake na Lukonge, mtawala wa Ukerewe. Wanahistoria wamekwisha kueleza mkasa huo. Linalotuhusu sisi ni hilo jahazi lenyewe: ujuzi wa pwani uliwekwa katika miti ya Ukerewe zaidi ya miaka hamsini kabla ya reli kufika Mwanza mwaka 1928. Ni vigumu kuwaza kwamba kazi hiyo ilifanyika bila mkuku, taruma na kiunzi kutajwa.

Hata hivyo tusidhani kwamba nguzo zililetwa na wageni. Katika msonge wa Wahaya, magharibi ya ziwa, nyasi za paa hushuka hadi karibu na ardhi, na nguzo za ndani ndizo zinazochukua uzito. Dhana ilikuwapo, hata maneno ya ukanda huu yamekwisha kuilisha lugha ya taifa. Ngeli, ambayo kila mwalimu wa sarufi huitaja, imetoka katika Kihaya. Ikulu ilikuwa makao ya watemi wa Usukuma na Unyamwezi. Maofisa misitu nao wamechukua ngitili, ile hifadhi ya malisho ya Wasukuma, wakaiandika katika taarifa zao bila kuifasiri. Kwa hiyo utaratibu wetu wa kutafuta istilahi kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo twende ng'ambo, si ndoto ya watu wa ofisini.

Hatari kubwa zaidi imo katika maneno yanayoonekana mepesi. Nguzo husimama, boriti hulala. Hapo hapana ubishi. Lakini katika biashara ya miti ya mikoko, boriti na nguzo ni majina ya unene wa mti. Boriti hiyo ndiyo iliyopima vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja, ambavyo ni vyembamba kwa sababu mti wa mkoko haukuweza kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Mhimili nao una matata yake: wengine huulaza, wengine huusimamisha, na wanasiasa wameigawa dola katika mihimili mitatu. Karani akiandika "mihimili 12" katika hati ya zabuni, mwenye mbao ataleta miti gani, na ya kubeba uzito upande upi? Tunashauri kwamba katika hati za ujenzi mhimili usitumike peke yake.

Kenchi tusiiguse. Imetokana na neno la Kihindi lenye maana ya mkasi, kwa jinsi miti ya paa inavyokutana, na mafundi wote wanaielewa. Kiungo cha mti kuingia katika mti kibaki tundu na ulimi, kama waseremala wa pwani walivyokwisha kukiita. Msumari hauna kazi hapo, kigingi cha mti kinatosha.

Limebaki jambo moja. Nguzo mbili au zaidi pamoja na boriti yake huunganishwa chini, kisha huinuliwa kwa pamoja, na nyumba huwa na safu kadhaa za namna hiyo. Safu moja tuiiteje? Tulifikiria taruma, kwa kuwa mataruma ya jahazi hukaa vivyo hivyo, moja baada ya jingine, juu ya mkuku. Lakini reli imelichukua neno hilo na kulilaza chini ya vyuma, na siku hizi mataruma yenyewe hutengenezwa kwa zege. Mbavu ni neno jingine lililopendekezwa. Walimu wa useremala wa Mwanza na wanaounda mitumbwi Ukerewe watuandikie wao huiitaje, na kama wana neno la Kikerewe au la Kijita, walilete pamoja na mchoro.